Ombi la Nyumba Moja ya Kiplombe Kutambuliwa Kuwa Taifa la Ishirini

Brenda Jepkemboi Kipchumba,
Nyumba ya geti la kijani baada ya poshomili,
Kiplombe, Eldoret.
14 Mei

Kwa Msajili Mkuu wa Mataifa,
Shirikisho la Bonde na Ziwa,
Eldoret.

Mheshimiwa Msajili Mkuu,

KUH: BABA YANGU, KIJIKO CHENU, NA OMBI LA KUJIUNGA NA SHIRIKISHO

Pokea salamu kutoka Kiplombe. Sisi hatujambo, pamoja na mmoja wetu ambaye kwa mujibu wa barua yako ni mgeni. Yeye pia hajambo, ila siku hizi hajui aseme hivyo kwa niaba ya taifa gani.

Mimi ni kifungua mimba wa Mzee Kipchumba, mwalimu mstaafu wa jiografia, na Mama Namalwa, nesi. Nina miaka ishirini na sita na shahada ya historia, ambayo hadi sasa imenifaa kusomea notisi zenu. Si mtu wa kelele. Nyumbani wanasema naweza kukaa na jambo kifuani wiki nzima kama kuku anayeatamia, halafu nitoke nalo likiwa tayari lina miguu. Barua hii nimeiatamia siku tisa.

Kabla ya malalamiko, niseme wazi kwamba nalipenda Shirikisho. Nilifundishwa kulipenda tangu darasa la kwanza: jinsi wakoloni walipofunga virago, wazee wa mataifa kumi na tisa walivyokataa kurithi ramani iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kulima hapa, wakakutana ili wachore yao. Jinsi walivyobishana miezi minne kuhusu makao makuu, kwa kuwa kila mji ulikuwa na jina la babu ya mtu, mpaka mmoja akaikumbuka Eldoret, ambayo watu waliiita Sitini na Nne kwa sababu ya namba ya shamba. Namba haina kabila. Nilipokuwa mdogo niliona hilo kuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Bado naliona hivyo, na ndiyo maana ninaandika kwa adabu.

Najua pia kwamba Sheria ya Meko ilitungwa kwa nia njema. Wazee walijua kila mtu hapa ana nyanya aliyetoka ng'ambo ya mto fulani, na kwamba damu haionekani kwa macho. Wakaamua mtu awe wa taifa lile ambalo mikono yake inajua kupika chakula chake. Ndiyo maana kila baada ya miaka kumi Afisa wa Meko huja nyumbani na kijiko chake, ingawa kwetu hakuwahi kufika kabla ya mwaka huu. Chakula cha kila mtu mzima kinawekwa mezani kwa namba, bila jina. Afisa anaonja, anaandika taifa, kisha namba zinalinganishwa na majina. Ni sheria safi, haipendelei mtu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba afisa wenu alionja vizuri mno.

Tarehe mbili mwezi huu alitufikia Bwana Tyson Ng'ang'a. Ni mtu wa taifa la tatu, kama sheria inavyotaka, na ni mtu wa heshima: alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Namba moja ilikuwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa mpaka yakawa na rangi ya mawingu ya Aprili. Bwana Ng'ang'a alionja, akafumba macho, akasema, "Hii ni ya hapa hapa. Huyu alizaliwa na kibuyu mkononi." Akaandika: Mnandi.

Namba mbili ilikuwa kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mboga ya saga iliyolainishwa kwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Sheria inamruhusu vijiko vitatu. Alimaliza sahani. "Huyu ni Mbukusu, na mkibisha nitaongezwa nyama nihakikishe," alisema. Tulikuwa bado hatujabisha, akaongezwa. Akaandika: Mbukusu.

Kisha namba zikalinganishwa na majina. Mursik ilikuwa ya Mama. Kuku alikuwa wa Baba.

Naomba nieleze, kwa maana faili lenu halina nafasi ya maelezo. Mama yangu ni Mbukusu, alizaliwa ng'ambo ya mto. Alipoolewa hapa miaka thelathini na mmoja iliyopita, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, hakupinga ndoa. Aliacha tu kula katika nyumba hii. Alimpa Mama kibuyu akamwambia, "Maziwa ikiganda vizuri tutaongea." Iliwachukua mwaka na miezi minne. Mama alichoma mkaa wa mti usiofaa. Mama alimwaga maziwa mapema. Mara moja, kwa kutaka kusaidia, Mama aliosha kibuyu kwa sabuni ya unga, na Kogo akalia kama aliyefiwa. Siku maziwa yalipoganda, Kogo alikunywa kikombe kizima, akakiweka chini, akasema, "Sasa, mtoto wangu." Kuanzia hapo hakunyamaza tena mpaka alipofariki.

Baba naye hakujua kuchemsha hata yai. Nilipokuwa na miaka mitano na mdogo wangu Kiplimo miwili, Mama alienda Kakamega kusomea unesi. Siku ya nne ya kula mkate, mjomba wetu Wasike, kaka yake Mama, alifika na kuku watatu chini ya kwapa akakaa wiki mbili. Alimfundisha Baba kila kitu. Baba kwa kuwa ni mwalimu aliandika yote kwenye daftari, na alimchora kuku kwa mistari ya kontua, kama mlima.

Kwa hivyo Bwana Ng'ang'a hakukosea, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Angekosea, ningekata rufaa. Sheria haina rufaa dhidi ya ulimi uliosema kweli.

2. Kwamba barua yenu ya tarehe tano inamshukuru Mama yangu.

Inamshukuru, kama mwenyeji Mnandi, kwa uvumilivu wa kumhifadhi mgeni kwa miaka thelathini na mmoja. Inamthibitisha kuwa mmiliki wa shamba ambalo babu yake Baba alililima kwa maksai. Inasema Bwana Kipchumba, Mbukusu, ameishi Kiplombe miaka sitini na sita bila kibali, kosa ambalo Shirikisho limemsamehe kwa moyo mkunjufu, na kwamba afike kituo cha mpakani cha Chepsaita kabla ya tarehe thelathini na moja ili avushwe kwenda kwao. Mama alisoma akacheka hadi akatafuta kiti. Kisha akasoma mara ya pili, na hakucheka tena.

3. Kwamba Baba ni raia mwema.

Mheshimiwa, katika malalamiko yote hili ndilo linaloniumiza. Ningekuwa na baba mkaidi, barua yenu ingefungia nyama saa hii. Lakini Baba alifundisha ramani ya Shirikisho kwa miaka thelathini na minane, na hajawahi kuitilia shaka. Alisoma notisi akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Serikali ikiandika, imeandika." Jioni hiyohiyo alitoa sanduku lake la kahawia, lile la tangu chuo cha ualimu, akapanga mashati sita, daftari la kuku na ramani ya ukutani. Sanduku liko mlangoni. Kila jioni analifungua kutoa pajama, na kila asubuhi anairudisha na kufunga kufuli.

Ameaga ng'ombe. Ameanza kupiga hodi akiingia sebuleni. Mama alimwambia, "Kipchumba, ukipiga hodi tena kwa hii nyumba nitakufungia nje ukweli." Baba akamjibu kwamba mgeni lazima apige hodi, hata akijua mwenyeji hana adabu. Mezani husema, "Mwenyeji, naomba chumvi." Tulidhani ni mzaha. Siku ya tatu nilimwangalia usoni nikaona si mzaha.

Baba ndiye hupika chai ya asubuhi, tangu nizaliwe. Bado anapika, na anampelekea Mama kikombe chake. Lakini sasa anachukua chake na kwenda kukinywea nje, akiwa amesimama kando ya kaburi la Kogo. Sijui wanaongea nini. Najua kwamba Kogo angekuwa hai, kijiko chenu kingekuwa kimechomekwa mahali ambapo adabu hainiruhusu kutaja.

4. Kwamba mimi mwenyewe sijulikani.

Sheria inasema watoto watu wazima nao waonjwe. Kiplimo alipika chapati na maharagwe, na Bwana Ng'ang'a akaandika: Mataifa Yote. Mimi nilipika tambi na mayai, kwa kuwa ndicho chakula nilichokula chuo kikuu miaka minne nikisoma historia yenu. Aliingiza kijiko, akasubiri, akaingiza tena. Aliniangalia kwa huruma, akaandika: Haijulikani.

Neno hilo sasa liko kwenye kitambulisho changu, katika nafasi ya taifa. Nimekaa nalo. Kusema kweli nilikuwa nimejishuku kwa muda mrefu, lakini mtu angependa kuambiwa jambo kama hilo na rafiki, si na idara.

5. Kwamba tumetekeleza sheria yenu, na haitekelezeki.

Notisi yako inasema mgeni anayesubiri kuvushwa atengewe robo ya nyumba, na asivuke bila ruhusa ya mwenyeji. Baba alitoa utepe akapima. Ni mtu wa haki: alihesabu hata unene wa kuta. Robo yake ilianzia jikoni, ikapita kwenye korido, ikaingia chumbani na kukata kitanda katikati kwa urefu. Alichora mstari kwa chaki.

Matokeo yake ni kwamba jiko liko Ubukusu na choo kiko Unandi. Baba anaomba ruhusa ya kwenda msalani, na Mama anaomba ruhusa ya kuchemsha maji. Ng'ombe hula upande mmoja na kukamuliwa upande mwingine, kwa hivyo maziwa ya chai ni bidhaa ya kutoka nje. Jumanne Baba aligeuka usingizini akavuka mpaka. Asubuhi aliandika barua ya kuomba radhi, akaiweka juu ya mto wa Mama. Mama aliisoma, akachukua kitambaa, akafuta mstari wote kutoka jikoni hadi chumbani. Baba akauchora upya kutoka kichwani, bila utepe, sawasawa kabisa. Ndipo nilipojua kwamba kulia hakutasaidia, na nikaenda maktaba kusoma Katiba.

6. Kwamba Katiba inaturuhusu.

Kifungu cha 41 kinasema meko yoyote ambayo yamewaka miaka thelathini bila kuzimika, na yakapika chakula kisicho cha taifa lolote lililosajiliwa, yanaweza kuomba kuwa taifa. Wazee walikiweka kwa ajili ya watu wadogo ambao huenda walisahauliwa siku ya kutia sahihi. Nasi tulisahauliwa, kwa kuwa hatukuwa tumezaliwa.

Meko yetu yamewaka miaka thelathini na mmoja. Chakula chetu ni kuku wa Kibukusu kwa mursik ya Kinandi, sahani moja na kikombe kimoja. Nimeuliza Wanandi, wakasema hilo si lao. Nimeuliza Wabukusu, wakaniuliza nani amenilea. Kwa hivyo ni letu.

Watu ni wanne na ng'ombe mmoja. Bendera ni aproni ya Mama, ambayo ina rangi nyingi, baadhi yake za kudumu. Wimbo wa taifa bado una mvutano, kwa sababu wawili kati yetu wanaimba kanisani na wawili wanadhani wanaimba. Lugha ya taifa ni Kiswahili, lakini Mama hugombeza kwa Kinandi na Baba huhesabu kuku kwa Kibukusu. Rais ni Mama. Hakukuwa na uchaguzi, na hakuna aliyeuliza. Baba ni Waziri wa Mambo ya Nje, kwa kuwa tayari amezoea. Kiplimo ana pikipiki ya boda boda, hivyo ni Uchukuzi. Mimi ni Mambo ya Ndani na Uhamiaji.

Nimeona pia, katika kifungu cha 12, kwamba urais wa zamu wa Shirikisho huanzia kwa taifa jipya kuliko yote. Mama anasema yuko tayari kuanzia Januari, akimaliza kuvuna mahindi, na kwamba kikao cha kwanza atawauliza kwa nini mnahesabu watu badala ya kuwasalimia.

7. Kwamba hatuna haraka.

Kifungu cha 41, fungu la tatu, kinasema ombi la kuwa taifa likiwa mezani, hakuna mkaazi wa meko hayo atakayehamishwa hadi jibu litolewe. Nimepekua kumbukumbu zenu. Ombi la mwisho lililetwa mwaka wa 1979, na bado liko mezani. Mwombaji alikuwa na miaka sitini wakati huo, akazeeka na kuzikwa nyumbani kwake akiwa na furaha tele. Tafadhali, Mheshimiwa, msituharakishe. Lisomeni kwa makini. Mkihitaji nakala tatu, niambieni baada ya mwaka mmoja, nami nitaleta mbili.

Nimemwonyesha Baba fungu hilo. Alivaa miwani, akalisoma mara nne, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akasema, "Basi ni sheria." Akaingia sebuleni bila kupiga hodi.

Hoja yangu yote, Mheshimiwa, ni hii moja. Kupika mtu hujifunza kwa mtu mwingine, na hufundishwa kwa sababu anapendwa, au kwa sababu kuna mtu alikataa kuongea naye mpaka ajue. Hakuna kijiko kinachofika chini hapo. Mnaonja maziwa mkidhani mnaonja damu, kumbe mnaonja mwaka na miezi minne ya mama mkwe. Taifa letu jipya linaahidi, mbele ya mataifa kumi na tisa, kwamba halitamwonja mtu yeyote mlangoni. Atakayebisha hodi kwetu ataulizwa hali, atapewa kiti, na chakula kitafuata.

Nisalimie Naibu wako, na makarani wote wa ghorofa ya pili, na Mzee Lusweti anayekaa getini, ambaye kila nikija hunipisha bila kuniuliza taifa, kwa kuwa anajua nitaanza kueleza. Msalimie sana Bwana Ng'ang'a. Mwambie mkebe ule aliobebea kuku ni wa Mama, una kifuniko cha bluu, na Rais anauhitaji.

Nabaki kuwa jirani yako mwema na raia wako hadi utakapojibu,

Brenda Jepkemboi Kipchumba,
Waziri wa Mambo ya Ndani na Uhamiaji
(Taifa: Haijulikani)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Kiplimo alipofika na msichana. Anaitwa Lorraine Kemunto, Mkisii, mwalimu wa chekechea, na wanataka kuoana na kuishi hapa kwetu. Hatuna neno naye. Anasalimia kwa mikono miwili. Lakini alipoingia jikoni kusaidia alichemsha saga bila munyu hata tone, ikawa chungu kama dawa ya malaria, kisha akakichukua kibuyu cha Kogo na kukiosha kwa sabuni ya unga. Mama alikaa chini. Baadaye alikiinua kile kibuyu, akampa msichana mikononi, akamwambia, "Maziwa ikiganda vizuri tutaongea." Mama hajamsemesha tena tangu hapo. Baba amesema sheria ni sheria, na ameenda kutafuta chaki.

Mimi kama waziri mhusika nimemwomba Lorraine asubiri nje ya geti, na nimempelekea kiti. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujaliweka ombi letu mezani, tunaomba mtukopeshe Bwana Ng'ang'a kwa siku moja, aje na fomu zake na kile kijiko. Akipata muda Alhamisi itatufaa. Matokeo yakiwa mabaya hatutasumbua mtu: Baba ametoa mashati yake yote, na sanduku liko palepale mlangoni, tupu na limefutwa vumbi, kama Kiplimo atalihitaji kumfuata.